Alama za Bunduki ya Muzee Anaclet

Régine, mama yangu,

Salamu sitaandika mingi, juu ya vile tuko nyumba moja. Weye uko inje unasaidia mama yako kufunga valise na kamba, mimi niko hapa mu salon, na kila ukipita kwa dirisha unaniangalia kama unauliza: papa anaandika nini tena? Ninaandika jibu. Leo asubuhi uliniuliza, "Papa, utakuja kuniona Beni siku gani?" Mama yako akakukata maneno, akakutuma kuteka maji, na pipa ilikuwa imejaa. Uliona vizuri imejaa. Ulienda tu, juu uko mutoto wa heshima. Jibu njo hii: sitakuja. Hata siku moja. Na barua hii utaifungua ukiwa mu avion, hapana mbele ya pale, juu nikikuambia kwa kinywa nitaanza kujitetea, na mimi nikianza kujitetea sinyamazi.

Mambo ya dawa ya malaria, mambo ya wanaume, mambo ya kuficha carte yako ya jina kwa barrière ya maaskari, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu. Mimi siko na shauri ya vile. Niko na hadithi moja tu, na inanuka.

Kazi yangu unaijua. Siye si watu wa hapa. Walinituma Bunia nikiwa kijana, kutoka Isiro, nishike registre ya bunduki za kuwinda. Kila mwenye bunduki alipashwa kuileta mara moja kwa mwaka. Naiweka mezani, naandika jina ya mwenyewe, aina, numéro, na mwishoni colonne moja pana inaitwa "signes particuliers", alama za pekee. Wenzangu walikuwa wanaandika pale "hakuna", wanapiga cachet, wanaenda kunywa chai. Mimi hapana. Mimi nilijaza colonne mpaka wino inatokea upande wa nyuma. Crosse, ule mti wa nyuma, imepasuka fasi gani, musumari gani si ya kwanza, ni fundi gani alipiga soudure na aliipiga vibaya namna gani. Watu wakanipa jina: Monsieur Signes. Nikiisikia mu soko nilikuwa nainua kichwa sawa jogoo. Pffu! Jogoo wa bure.

Bunduki nzuri kupita zote ilikuwa ya Muzee Anaclet wa Mbunya. Weye unamukumbuka kama bwana ya marraine wako Mama Vérédiane, yule aliyekushika siku ya ubatizo na anakungojea kesho kule Beni. Kwako alikuwa muzee wa kukupatia miwa. Ujana yake yote aliwindia muzungu mumoja wa shamba ya kahawa, na muzungu alipokimbia inchi, alimuachia bunduki juu haikuingia mu valise.

Nitakuambia ilikuwa namna gani, na hapa utaona kitu ya kuchukiza: hata leo, nikiandika, mukono yangu inafurahi.

Haikuwa sawa bunduki za maaskari. Chini, pale kidole inangojea, kulikuwa na levier, chuma imekunjwa sawa mushikio ya kikombe, vidole vyote vine vinaingia. Unaisukuma chini, unairudisha juu, tchak-tchak, cartouche ya risasi iliyopigwa inaruka inje na mupya imekwisha kuingia. Canon yake, bomba ya kupitisha risasi, haikuwa ya mviringo. Ilikuwa na mapande munane, unaweza kuyahesabu na kidole macho ikiwa imefungwa. Chini ya canon kulikuwa bomba ya pili, mahali cartouche zinalala moja nyuma ya ingine. Kwa bunduki zingine za aina ile bomba inafika mpaka mudomo. Hii ilisimama nusu ya njia, maana muzungu aliiagiza vile, nyepesi ya kutembea nayo. Upande wa kuume, mulango kidogo wa ressort: unasukuma cartouche na kidole gumba, mulango inajifunga yenyewe. Mwisho wa crosse ilikuwa na kitako ya chuma, imepindwa sawa mwezi muchanga, inauma bega. Na upande wa kushoto, pete. Nilimuuliza Muzee Anaclet pete ni ya nini. Akasema, "Ya kuifunga kwa farasi." Mawe! Tulicheka mpaka machozi. Huku kwetu, na mbung'o hii yote, nani aliona farasi?

Halafu alama kubwa. Siku moja nyati alimuangusha Muzee Anaclet na crosse ikavunjika kwa shingo. Mafundi wakasema itupwe. Mama Vérédiane akakata ngozi mbichi ya nyati yule yule, akaizungusha, akaishona na sindano ya magunia, msalaba kwa msalaba, mishono midogo sana sawa ya nguo ya mutoto. Ngozi ikakauka, ikakamata sawa chuma. Niliandika mu registre ya Leta, ya serikali: imetengenezwa na ngozi, imeshonwa na bibi yake. Nyumbani nilikuwa nawasifia mushono ile, unakumbuka? Mama yako akakasirika, akasema nioe basi sindano.

Kitu moja sikuandika, juu colonne yake haikukuwa: cartouche za bunduki ile zilikuwa zimekwisha. Huku kwetu hakuna mutu aliyeziona tangu mbele weye uzaliwe. Muzee Anaclet alikuwa anaileta kila mwaka sawa mutu anayepeleka muzazi wake kwa docteur, juu ya heshima tu. Haikuweza kuua hata kuku.

Basi, vita ikakuja. Majina ya makabila sitaandika hapa. Umeyasikia ya kutosha, kwa radio, kwa barrière, hata mu kanisa, na mimi yananipa kutapika. Siye hatukuwa wa huku, hatukuwa wa kule, na nilijivunia ile. Nilifikiri mutu asiye na upande hawezi kukosea. Nilikuwa nakwenda bureau kila asubuhi na chemise imepigwa pasi, nakaa mbele ya registre, sawa vile vita ni mvua na mimi niko chini ya mabati.

Wale walioshika mji wakati ule walitoa amri silaha zote zirudishwe. Muzee Anaclet alikuwa wa upande uliopoteza. Hakurudisha, akaapa hana. Aliizika mu shamba ya muhogo, ile pana ya watu wengi, haina mwenyewe mumoja. Juu nini, sijui. Labda hakutaka kuona mikono ya wale juu ya mushono wa bibi yake. Kisha wiki mbili, tatu, wapiganaji wenye njaa wakaenda kung'oa muhogo, wakaipata, wakaileta bureau ndani ya gunia.

Commandant wao alikuwa kijana wa kuvaa lunettes nyeusi hata ndani ya nyumba. Akaitupa juu ya meza yangu, udongo ukaingia mu wino. "Muzee, hii ni nini? Ni bunduki ao ni fimbo ya kilema?"

Wakacheka. Mumoja akaishika kichwa chini, akajifanya anachechemea nayo. Mwingine akasema canon inafaa kuchoma mbuzi. Commandant akapunga mukono: "Mutupe mu choo."

Régine, waliisema vile. Mutupe mu choo. Walikuwa wamekwisha kuelekea mulango. Ilibaki mimi nikohoe tu. Ilibaki niseme, "Ndiyo, commandant, ni takataka," na leo Muzee Anaclet angekuwa anakula miwa yake.

Lakini niliumia. Usifikiri niliumia juu ya Anaclet. Hata hakuingia mu kichwa. Niliumia juu walikuwa wanaishika vibaya. Nikasimama, nikamunyanganya yule wa kuchechemea, nikaipanguza na chemise yangu ya pasi, nikasema: "Commandant, samahani, munachezea kitu musichojua."

Na nikaanza kufundisha. Ee Mungu wangu. Nikawaonyesha levier, tchak-tchak, wakarudia na vinywa sawa watoto wa darasa ya première. Nikawaambia wapitishe kidole juu ya mapande munane. Nikafungua mulango wa ressort. Nikawaeleza juu nini bomba inasimama nusu. Hata neno ya farasi nikaisema, na wakacheka, safari hii walicheka na mimi, hapana juu yangu. Commandant akatoa lunettes. "Aa, muzee, kumbe uko professeur!" Damu ikanipanda utamu. Niligeuza crosse polepole, sawa mutu anayefunua kitambaa ya altare, nikasema: "Na hii mushono, munaona? Hakuna ya pili mu Ituri muzima. Hii ni ya Muzee Anaclet wa Mbunya. Bibi yake njo alishona."

Hakuna mutu alikuwa ameniuliza ni ya nani. Soma tena pale, mama. Waliuliza ni kitu gani. Ya nani, hakuna aliyeuliza.

Commandant akarudisha lunettes. "Anaclet," akasema. "Yule aliyeapa hana silaha. Anakaa fasi gani?"

Pale nikafunga kinywa. Nilinyamaza wakati kunyamaza hakukuwa tena na kazi. Mumoja wao alijua nyumba. Nikakimbia nyuma yao mpaka kwa mulango, nikasema, "Commandant, haina cartouche. Haiwezi kupiga, ni kitu ya bure." Akanigonga bega kwa upole. "Ile ni shauri yetu, professeur." Halafu akaambia mutu wake anipatie chumvi.

Chumvi kilo mbili, ndani ya sachet. Unakumbuka kipindi ile hatukuwa na chumvi, tulikula chakula cha maji tupu? Ningeweza kuiacha juu ya meza. Niliibeba. Mama yako alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya Tchomia, akaweka chumvi, na weye ukapiga makofi. Nilikula. Nikaomba waniongezee. Mbele mvua ya mangaribi inyeshe, jirani akakuja kutuambia wamemuua Muzee Anaclet nyuma ya nyumba yake, wamemukuta ananyoa ndevu. Kipande moja ya uso ilikuwa imenyolewa, ingine ilikuwa na sabuni. Nikaweka kijiko chini. Lakini sahani ilikuwa imekwisha kuwa tupu, na ile haitoki mu kichwa yangu.

Ungoje, bado. Hadithi haijafika chini.

Kwa matanga, Mama Vérédiane alikuwa juu ya mukeka na wamama. Aliponiona akasimama, akanipatia kiti, na kiti zilikuwa mbili tu. Bwana yake hakuwa na ndugu mu mji, wote walikuwa wamekimbia, basi akaniomba mimi niseme neno mbele ya maiti. Nilisema. Nilisema vizuri sana! Nilisema Muzee Anaclet ameuawa na ndimi mbaya za watu. Wamama wakalia, wanaume wakaniambia, "Aksanti, papa, umesema ukweli." Na mimi nikaitika. Kama uko na hamu ya kujua nilikuwa mutu wa namna gani, hapana kuangalia bureau. Angalia pale, juu ya kile kiti.

Commandant alitembeza bunduki mu mji mwezi muzima, imening'inia bega, bila cartouche, sawa mulevi na mwavuli imetoboka. Halafu wengine wakashika mji na yeye akakimbia nayo. Mutu amekufa juu ya kitu isiyopiga. Watu wanapenda kusema vita ni mambo ya wakubwa, ya madini, ya mipaka. Inaweza kuwa. Mimi ile niliyoiona ni vita ya watu kama mimi, wenye kujua kidogo na kutaka ionekane.

Nilifikiri sana nikuambie nini juu ya ile, na sina neno kubwa. Walitufundisha kuogopa saa ya hasira. Siku ile sikukuwa na hasira, sikukuwa na chuki, hata woga haikunishika. Nilikuwa na raha. Weye uko mutoto wangu, uko na akili nyepesi, mwalimu akiuliza mukono yako inapanda mbele amalize. Naona na ninaogopa.

Mama Vérédiane alikimbilia Beni, anashona kule nguo za watoto wa masomo. Sasa huku masomo imefungwa tena, na unajua wapiganaji wanapita nyumba kwa nyumba juu ya wasichana. Wiki iliyopita ulilala siku mbili juu ya plafond, chini ya mabati, sawa panya. Yeye akasikia. Akatuma ujumbe kwa phonie, redio ya kuitana ya parokia, opérateur akaniandikia kwa karatasi: "Mulete mutoto wangu, amalize masomo yake ya D6 huku." Na chini yake: "Papa Régine, weye ulikuwa unaingia bureau ile kila siku. Nani alitaja bwana yangu? Niambie jina tu, nipate kulala."

Mama yako alisoma karatasi, akaikunja ndogo sana. "Nyamaza," akaniambia. "Mutoto apande avion kwanza. Ukisema sasa atafungiwa mulango, na huku watamuchukua."

"Na akisha kufika?"

"Akisha kufika, utaona."

"Atakula kwa mikono ya mutu anayetafuta jina ya baba yake?"

"Bora akule!"

Sikulala na ile. Nikamuambia nitaandika jina ndani ya barua, weye uibebe, umupatie Mama Vérédiane. Mama yako akanirukia: "Ee! Sasa unamutwika mutoto maiti? Ulitoa Anaclet kwa kinywa, na sasa unatumia kinywa ya mutoto!" Alikuwa na haki. Hasira ikinishika juu ya mama yako, mara nyingi ni vile yuko na haki.

Njo sababu jana nikaenda kwa phonie mimi mwenyewe. Unaijua chumba ile. Watu kumi na tano juu ya banc, kila mutu anasikia ya mwenzake, na Beni vilevile, na kila kituo kati yetu. Opérateur akanipatia micro. Kama Mama Vérédiane angekataa, weye ungebaki huku, na mimi njo ningekuwa nimekufungia mulango. Nilijua vile na nikabonyeza.

Nikasema: "Mama Vérédiane, jina uliyoomba ni yangu. Mimi njo nilisema bunduki ni ya Muzee Anaclet. Hakuna aliyeniuliza. À vous."

Nikaachia kifungo, zamu yake ya kusema, na phonie ikapiga kelele yake tu, shhhh. Muzee aliyekuwa karibu yangu kwa banc akasogea kando. Opérateur akaita, "Beni, Beni, munapata?" Hakuna kitu. Akaita tena. Nilifikiri amekwenda.

Halafu sauti yake, ya karibu kabisa: "Ulijua na nini kama ni yake? À vous."

Régine, nilishika micro. Jibu nilikuwa nayo yote, alama kwa alama, kama siku ile. Na nikaona sindano yake, na ngozi, na ule mushono wa nguo ya mutoto. Nikasema: "Nilijua na numéro. À vous."

Njo uongo moja tu ninayojivunia. Na sasa naiweka kwako, juu utakaa karibu na mikono yake ikishona msalaba kwa msalaba, na usije ukasema kwa wema tu, "Papa alikuwa anasifu mushono huu." Usiseme. Ujue, na unyamaze. Najua ni muzigo. Ningepata mwingine wa kuubeba, nisingekuandikia.

Mama Vérédiane akasema, "Mutoto akuje. Weye usikanyage kwangu mpaka nife. Hata siku ya ndoa yake, usikanyage. Terminé."

Nikainama sawa mutu aliyepokea mukate. Mulango yako ilikuwa wazi. Watu wa banc walikuwa wananiangalia namna watu wanavyoangalia kitu imekufa mu njia, na walikuwa na sababu, na nilitoka inje nikatembea mpaka nyumbani bila kusalimia mutu.

Umuheshimu. Akikunyima kitu, usidai. Akisema mabaya juu yangu, usinitetee, hata kwa uso. Siku utakayoolewa, ukitoka kwa ile nyumba, mwenye kukushika mukono atakuwa ndugu wa mama yako, na mimi nitakuwa huku, nimevaa nguo ya ndoa.

Kesho, pale avion, ninakujua, utanikumbatia na kuniambia, "Papa, tutaonana." Na mimi nitakujibu, "Ndiyo, mama, tutaonana."

Unisamehe ile.

Papa yako